Mwanagenzi wa Taifa

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kulitaja katika maandishi yasiyo rasmi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa kukosa kibali. Kwa hiyo nitasema tu nchi yetu, na wenye nchi wataijua.

Mimi naitwa Onesmo Lihaya. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Mwongozo wa Kompyuta za Nyumbani. Mezani kwangu palikuwa na kompyuta kubwa nyeusi, juu yake kitambaa cheupe alichofuma mke wangu, na juu ya kitambaa chupa ya chai. Sikuwahi kuiwasha. Sikujua inawashiwa wapi. Mwaka wa kwanza ningeweza kuuliza, maana mgeni husamehewa; mwaka wa pili nikaona nimechelewa kidogo; ulipofika mwaka wa tano, kuuliza kungekuwa sawa na kujivua nguo sokoni. Barua zangu alizichapa karani, mimi nikatia saini kwa kalamu ya wino, na watu wakasema Mkurugenzi ana mwandiko mzuri. Nilifurahi waliposema hivyo. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka wa kumi na mmoja paa la Ofisi ya Vizazi lilivuja, na madaftari yote ya waliozaliwa yakaoza. Serikali ilichukua hatua haraka: ikatangaza kwamba mwananchi yeyote asiye na cheti atahesabiwa hajazaliwa, mpaka athibitishe vinginevyo. Wazee wakarudishwa kwenye milango ya hospitali. Bwana mmoja wa Mtaa wa Chekeleni alizuiwa kumzika mkewe, kwa maelezo kwamba asiyezaliwa hafi. Alikaa naye siku mbili chumba cha maiti akisubiri mwongozo.

Ni katika hali hiyo Bi. Sikitu Mwamtoro aliingia ofisini kwangu Jumanne moja asubuhi, akiwa na kikapu cha ukili. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, aliyezalisha Chekeleni kwa miaka thelathini na minne. Ndani ya kikapu mlikuwa na madaftari kumi na moja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Sitakuchelewesha. Humu yamo majina ya kila niliyempokea kwa mikono hii. Jina la mtoto, la mama, siku na saa. Ofisi ya Vizazi wamesema watayakubali, ila yawe yamechapwa. Mwandiko wa mtu hawauamini."

"Vyema. Yachape."

"Ndiyo shida. Kompyuta ninayo nyumbani, hospitali walinipa siku ya kuniaga. Lakini mfumo uliokuja nayo, ule wa kununua, umeniandikia kwamba mashine imezeeka na hauwezi kuendelea nayo."

"Mfumo," nikasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka.

"Mfumo endeshi. Ile programu mama, inayoamka ukiwasha mashine na kuzitawala nyingine. Nimesikia ipo mifumo huria, ya bure, ambayo hata mashine kuukuu inaibeba. Lakini ni mingi, nami sijui. Sheria inasema tusijichagulie, tuje kwenu. Basi nimekuja. Kwa mtu anayeanza kama mimi, upi ni rahisi?"

Lilikuwa swali la mstari mmoja. Mtu yeyote mwenye kioski cha kutengeneza simu angelijibu huku akila muhogo. Mimi nilitazama dirishani, nikakunja uso, nikasema:

"Mama, swali hilo ni zito. Litaundiwa kamati."

Iliundwa Kamati ya Wataalamu Tisa, nami nikawa mwenyekiti. Tulikaa miezi minne kwenye hoteli kando ya ziwa, kwa sababu mjini palikuwa na kelele za wananchi. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Injinia Pankrasi Mbwilo, alikuja kutufungulia kikao.

"Ndugu wataalamu," alisema, "kompyuta isiyo na mwongozo ni sanduku. Na sanduku lisilojulikana limebeba nini ni tishio kwa usalama. Tupeni mfumo ambao mwananchi wa kawaida ataumudu bila kuumudu kupita kiasi."

Tulipiga makofi, kila mmoja akimwangalia mwenzake aone kama ameelewa.

Hatukuwa na kompyuta hata moja pale kikaoni, kwa hiyo mjadala ulikwenda vizuri. Mjumbe mmoja alipinga mifumo ya bure yote kwa jumla: "Kitu kisichouzwa kina heshima gani? Hata maji tunayauza." Mwingine aliposikia kwamba huria maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kufungua ndani aone ulivyotengenezwa, alisimama kabisa. "Wazi? Kila mtu achungulie? Na sisi tutaficha wapi?" Wa tatu, bwana mwenye shahada mbili, alisema kwa uchungu wa kweli, "Mkiwapa kilicho rahisi, kesho watauliza wataalamu wa nini." Baada ya hapo tulikula samaki.

Mwishowe tukakubaliana jambo moja. Hatuwezi kujua upi ni rahisi kwa anayeanza mpaka tupate anayeanza. Nikatoa waraka Wizara nzima: watumishi wote wasiojua kutumia kompyuta wajiandikishe kwangu, kwa siri, kabla ya Ijumaa. Hakujiandikisha mtu. Watumishi kumi na wawili waliomba likizo ya ugonjwa wiki hiyo. Waziri mwenyewe alisafiri ghafla. Mimi nilibandika waraka ule ubaoni, na kila nilipopita mbele yake nilitembea haraka.

Nchi nzima ilikuwa imetoa mtu mmoja tu aliyewahi kusema sijui, naye alikuwa amesema ofisini kwangu. Tukamwita Bi. Sikitu. Alijaza Fomu ya Kukiri Kutojua, nakala tatu, mbele ya shahidi anayejua. Shahidi nilikuwa mimi. Akavishwa utepe wa kijani begani ulioandikwa MWANAGENZI WA TAIFA.

"Na mfumo?" akauliza, huku wapiga picha wakimgeuza kushoto na kulia.

"Utakuja," nikasema.

Haukuja, kwa sababu bohari ya Wizara haikuwa nao. Bi. Sikitu alisubiri wiki mbili, kisha akamwita Fundi Chande, mtengeneza redio wa Chekeleni. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa sebuleni kwake na daftari la taarifa, kwa kuwa nilitakiwa kumchunguza Mwanagenzi mara moja kila wiki.

Fundi Chande alitoa flashi tatu mfukoni, kila moja na mfumo wake. "Hii unachomeka, unawasha, mfumo unakuja bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Usipoupenda unachomoa, hakuna kilichoharibika. Ukiupenda ndipo tunauweka."

"Kama kuonja mchuzi kiganjani," Bi. Sikitu akasema.

"Ndivyo hasa."

Wa kwanza ulikuwa na sura nzuri mno, lakini mashine ile kuukuu ikaanza kukoroma kama mgonjwa wa pumu, na ukurasa mmoja ukachukua muda wa kuchemsha maharage. "Mzuri, ila si wa mashine hii," akasema, akauchomoa. Wa pili ulifunguka upesi, ukaleta giza tupu na mstari mdogo unaopepesa.

"Huyu anangoja nini?"

"Maagizo yako, mama."

"Mimi ndiye niliyekuja kuuliza, yeye ananiuliza mimi? Toa."

Wa tatu ulifunguka taratibu, bila mbwembwe. Pembeni chini palikuwa na kitufe. Alipokibofya, orodha ikapanda kwa Kiswahili: Andika, Chapa, Picha, Zima. Akaandika jina lake. Akakosea, akabofya palipoandikwa Futa, na maneno yakatokea katikati: Una hakika?

Bi. Sikitu akacheka. "Huu una adabu. Unauliza kabla ya kutenda." Kisha akamgeukia Fundi. "Nikikwama, na wewe unaujua?"

"Ndio ninaoutumia kibandani."

"Basi ndio wangu. Mfumo mzuri ni ule ambao jirani yako anaujua."

Kazi yote ilimalizika kabla adhuhuri haijaadhiniwa. Mimi niliandika katika taarifa: Majaribio yanaendelea. Mwanagenzi bado hajui, kwa kiwango cha kuridhisha.

Wiki kwa wiki nilikwenda, na wiki kwa wiki taarifa yangu ilizidi kuwa ya uongo. Alianza kwa kidole kimoja, akaongeza cha pili, mwisho vyote vikawa vinatembea. Alianza na madaftari matatu ya mwanzo, kwa kuwa mchwa walikuwa wameshayatoboa. Kila ukurasa alioufungua ulisagika mikononi mwake, na alilazimika kusoma jina upesi kabla halijawa vumbi. Mabaki aliyazoa kwa kadi ya kliniki, akayamwaga kwenye shina la mpapai uani. "Sasa wamo humu tu," alisema, akigusa mashine kama anavyogusa tumbo la mja mzito. "Watu mia sita na arobaini. Nimeiomba Wizara yako flashi moja niwawekee nakala. Ombi limefika wapi?"

"Linashughulikiwa," nikasema. Lilikuwa mezani kwangu. Sikujua flashi zinaagizwaje, na kumuuliza mtu wa bohari kungeonyesha kwamba sikujua.

"Ningeazima kwa Chande, lakini tangu aniwekee mfumo huu ninyi mmenizuia kuchomeka tena cha mtaani." Kisha akavuta kigoda kingine karibu na chake. "Njoo, mwanangu. Naona unavyotazama. Kaa nikuonyeshe, ni dakika tano."

Nilitaka kukaa. Mungu anajua nilitaka. Lakini nikasema, "Haya nayajua, mama. Nakutazama wewe tu."

Akakisogeza kigoda mahali pake, akaendelea kuchapa.

Ikafika Siku ya Uzinduzi. Ukumbi wa Taifa ulijaa. Mpango ulikuwa hivi: Mwanagenzi angepanda jukwaani asijue, Mheshimiwa Waziri angemwelekeza, naye angejua, na taifa lingeshuhudia. Lakini kwenye mazoezi ya asubuhi Bi. Sikitu alikaa mbele ya kompyuta yake, iliyoletwa kwa gari la Wizara, akachapa barua nzima ya salamu kabla Waziri hajamaliza kuvaa miwani.

Waziri akapauka. "Huyu anajua! Mwanagenzi gani huyu anajua? Nani alimruhusu?"

Wote wakanitazama.

"Mheshimiwa," nikasema, "amejua ghafla."

Ikaamuliwa kwamba kwa kuwa mtu hawezi kurudishwa katika kutojua, mashine irudishwe. Itasafishwa jukwaani, mfumo uwekwe upya mbele ya kamera, kama ndiyo kwanza nchi inaanza. Bi. Sikitu alinishika mkono kwenye ujia.

"Onesmo, mwanangu. Wakisafisha, majina yanaondoka. Mwambie yule mtaalamu ayatoe kwanza, ayaweke kwenye flashi. Ni dakika mbili. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Usisahau."

Sikusahau. Nataka ieleweke kwamba sikusahau. Nilimwendea mtaalamu wa Wizara, bwana aliyevaa glavu nyeupe, nikasimama mbele yake nimefungua mdomo. Sikujua nimwambie atoe nini, kutoka wapi, kwa jina gani. Wajumbe wa kamati yangu walikuwa wamesimama karibu wanasikiliza. Nikaona nikikosea neno moja, miaka kumi na mmoja itaporomoka pale pale. Nikamuuliza kama amekunywa chai.

Saa nne kamili muziki ukapigwa. Waziri alihutubia kwa muda mrefu kuhusu giza na nuru. Kisha mtaalamu akaigeuza kompyuta, na skrini kubwa ukutani ikaonyesha mambo yaliyokuwa mle. Waziri alitazama kipanya mezani kama mtu anayetazama panya wa kweli, akarudi nyuma hatua moja.

"Jambo dogo kama hili," akatangaza, "namwachia Mkurugenzi."

Nilisogea. Mtaalamu alininong'oneza nibofye pale mshale ulipo. Katikati ya skrini palikuwa na maneno, na vitufe viwili chini yake. Siwezi kusingizia lugha. Yalikuwa ya Kiswahili, kwa herufi kubwa kuliko za ubao wa shule: Diski hii ina mafaili ya mtumiaji Sikitu. Futa kila kitu? Kitufe kimoja kiliandikwa Futa. Kingine, Rudi nyuma.

Nilisoma. Nilisoma mara mbili. Sikujua kompyuta, lakini kusoma nilikujua tangu darasa la kwanza.

Nikabofya Futa.

Mfumo ule wenye adabu haukutenda papo hapo. Ukaniuliza: Una hakika?

Nyuma yangu nilisikia kiti kikiburuzwa. "Onesmo!" Bi. Sikitu aliita. Hakusema mwanangu, wala Mkurugenzi. "Onesmo, rudi nyuma! Wamo watu humo!"

Waziri alikuwa anatabasamu kwa kamera na jasho linamtiririka. Mimi nilifikiri jambo moja tu, na nitalitaja kama lilivyokuja: nikibofya hicho kingine, watasema Mkurugenzi amebabaika.

Nikabofya tena. Makofi yakalia.

Mambo ya baadaye yalitangazwa redioni, kwa hiyo nitayasema kwa kifupi. Mfumo ule ulipitishwa rasmi kwa nyumba zote, ukaitwa Mfumo Huria wa Taifa, kisha ukafungwa kwa nywila ili usiwe wazi. Nywila alikabidhiwa Waziri, akaisahau. Bi. Sikitu alivuliwa utepe, akashtakiwa kwa kosa la Kujua Kabla ya Kuelekezwa, akapewa onyo. Barua ya onyo niliitia saini mimi. Kisha nikatunukiwa nishani ya Mtaalamu wa Mwaka, kwa ujasiri nilioonyesha kwenye kubofya.

Nilikusudia kuikataa. Nilikuwa na hotuba yangu mfukoni, nimeiandika kwa mwandiko mzuri. Nilipofika kwenye kipaza sauti nikasema, "Asanteni," nikaketi.

Haikupita wiki, yule bwana wa Chekeleni aliyekuwa amemzika mkewe kwa kibali cha muda alipokea barua. Mke wake alikuwa kwenye daftari la pili. Kibali kilifutwa kwa kukosa uthibitisho wa kuzaliwa, naye akatakiwa kueleza kaburini kuna nani. Barua hiyo ilipita mezani kwangu ikielekea posta. Niliisoma, nikatoka ofisini mchana ule ule bila kuaga, nikatembea kwa miguu mpaka Chekeleni.

Bi. Sikitu alikuwa sebuleni. Fundi Chande alikuwa amemwekea tena mfumo wake, ule ule, usio na nywila, na yeye alikuwa anachapa daftari la nne. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nikabaki nimesimama mlangoni.

"Bi. Sikitu, mimi sijui kompyuta. Sijawahi kujua. Siku ile sikuelewa..."

"Kwamba hujui kompyuta, hilo nililiona siku ya kwanza," alisema, macho yakiwa kwenye daftari. "Lingekuwa hilo tu, ningekupikia uji. Wanawake wangapi wamekuja kwangu hawajui kuzaa? Hakuna niliyemcheka. Kutojua kuna dawa." Sasa akanigeukia. "Lakini pale hukushindwa kujua. Palikuwa na maneno mawili. Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi usiniletee kutojua kwako. Niletee hilo."

Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa mkono wa koti, na yeye akangoja yaishe kama anavyongoja uchungu upite.

"Walikuwa mia sita na arobaini," akasema. "Mama zao wengi wako hai, humu humu mtaani. Mama hasahau. Chukua kalamu, si unasifiwa mwandiko? Nenda mlango kwa mlango uwaulize. Utakachopata uniletee nichape. Na kila mlango utasema kwanza wewe ni nani na ulifanya nini. Wasidhani ni mchwa."

Niliacha kazi kwa barua ya mstari mmoja, nikaanza siku ya pili yake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule bwana mjane. Nilibisha hodi, akafungua.

"Naitwa Onesmo Lihaya," nikasema. "Mimi ndiye niliyefuta jina la mke wako."

Alifunga mlango. Sikumlaumu. Nilirudi kwake mara nne. Mara ya tano alinipitishia chini ya mlango kipande cha karatasi chenye siku na mwaka.

Milango mingine ilinipokea kila mmoja kwa namna yake. Mwanamke mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Mwingine aliita majirani waje wanione, na nikarudia maneno yangu mbele ya watu ishirini, na nishani yangu wakaijua kutoka redioni, wakauliza iko wapi. Mpaka leo nimepata mia mbili na kumi na saba.

Jana nilifika kwa bibi kizee anayeitwa Nyamizi, amekaa barazani anachambua mchele. Nikasema ninachosema. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole havikuacha kuchambua.

"Mwanangu alikuwa humo," akasema. "Wa kwanza. Aliishi miezi mitatu, homa ikamchukua. Hana haja ya cheti."

"Pole, bibi. Basi nisikusumbue."

"Nani amesema unanisumbua? Kaa chini. Andika."

Nikakaa chini sakafuni, nikafungua daftari. Alinitajia jina lote, la baba na la babu, na siku, na kwamba ilikuwa alfajiri mvua inaanza, na kwamba alilia kwa sauti kubwa. Niliandika yote. Bibi Nyamizi hajui kusoma, lakini aliweka ungo pembeni, akainama juu ya bega langu, akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akasema nirudie. Nikarudia. Akaweka kidole juu ya jina, wino haujakauka bado, akauliza:

"Ni hili?"

"Ndilo, bibi."

"Una hakika?"

Nikalitazama jina lile tena, herufi moja moja, mpaka mwisho wake, ndipo nikamjibu.